Rangi ya Kiti cha Nne

Jumatatu, 14 Juni 1954
Habari imefika. Ijumaa komisyo ya wazungu wa serikali itakuja nyumbani kwangu kuangalia kama tunaishi kistaarabu: uma, shuka, choo, meza na viti vinne. Wakiridhika, mimi Omer Numbi nitapata karte ya watu waliostaarabika, na polisi hataniuliza tena ninatoka wapi jioni. Nimeingoja miaka miwili. Tatizo: viti viko vitatu. Cha nne kilikufa Pasaka, chini ya shemeji yangu Kalala.
Jirani, tata Mukendi, ana vinne. Nimemwambia wakwe zangu wanakuja. Ameniazima kimoja. Mke wangu Ndaya ameuliza wakwe gani, maana ni wazazi wake na hawana habari kama wanakuja.

Jumanne, 15 Juni
Aibu. Viti vyangu ni vya mti wa mulombwa, rangi ya maini yaliyopikwa. Cha Mukendi ni mti mweupe, njano kama siagi. Kati ya vyangu kinaonekana kama mtu aliyeingia msiba usio wake.
Nimekipaka chai nzito. Kilipolowa, kilifanana kabisa. Nikamwita Ndaya ashuhudie. Alipofika kilikuwa kimekauka na kurudia unjano wake. Ajabu: mbao ikilowa maji hudanganya.
Lakini njia nimeiona. Rangi ya kukaa mpaka Ijumaa, Jumamosi ninaisugua, Mukendi hajui kitu.

Jumatano, 16 Juni
Muuguzi amenipa pamanganeti, ile dawa ya zambarau ya kuoshea vidonda. Nilimwambia nina kidonda. Alitaka kukiona. Nikasema kiko mahali pasipoonyeshwa. Alinipa haraka.
Sijaona kitu kama hiki. Kiti kiligeuka zambarau kama vazi la padri wakati wa Kwaresima. Nikakaa kukitazama. Polepole zambarau ikafa na hudhurungi ikaja yenyewe, bila mtu kuigusa. Nikajaribu juu ya kipande cha sanduku, juu ya mwiko, juu ya kidole. Kila kimoja kilitoa hudhurungi yake. Kwa nini? Nilisahau hata kula. Ndaya amesema afadhali, maana mwiko ule ndio wa kusongea bukari.
Nimepaka mara ya tatu. Sasa kinafanana na vyangu, juani na kivulini, na kikavu. Nikakisugua kwa sabuni kujaribu. Rangi haitoki hata kidogo. Nilifurahi sana, ndipo nikakumbuka kwamba ilipaswa kutoka.

Alhamisi, 17 Juni
Mukendi amepiga hodi. Komisyo itapita kwake pia, kesho, ikitoka kwangu. Amesema: “Tata Numbi, kile kiti, mi nakihitaji.” Nikajibu mkwe wangu bado amekikalia. Akauliza, tangu Jumatatu? Nikasema ni muzee, hainuki haraka. Akaangalia mikono yangu, hudhurungi mpaka viwiko. Akaenda zake.

Ijumaa, 18 Juni
Walikuja watatu. Nilivaa glavu nyeupe za arusi. Mkubwa wao alipapasa kiti cha nne na kusema ni nadra kuona viti vinavyolingana hivi. Nilivimba.
Kisha wakaingia kwa Mukendi. Viti vitatu. Wakauliza cha nne. Akasema kiko kwa jirani. Wakarudi wote kwangu. Nikakana, nikawaomba waangalie rangi kwa macho yao. Mukendi hakubishana. Alikigeuza kiti cha nne miguu juu. Chini kote njano kama siagi.
Nani hukaa chini ya kiti?
Tumeahirishwa wote wawili hadi mwaka kesho. Yeye kwa viti vitatu, mimi kwa uongo.

Jumapili, 20 Juni
Baada ya misa Mukendi amefika na viti vyake vitatu vya njano. Amesema: “Kimoja umekifanya cheusi. Hibi bingine nikae nabyo namna gani? Paka byote.” Ni haki yake. Ndaya anasema adhabu ni nyepesi, nishukuru, nitulie.
Nimeshukuru. Nimepaka, na chini pia, mpaka ndani ya matundu ya misumari. Sasa viti saba viko uani vinakauka, sura moja. Ndaya ameshindwa kusema vyetu ni vipi. Hata mi nimeshindwa.
Kesho nitamrudishia Mukendi vitatu. Akiuliza cha nne, nitamwambia mkwe wangu bado amekikalia.