Kichuguu cha Mwalimu Hiza

Jumatatu, 3 Februari 2025
Mkuu wa shule katangaza: Ijumaa anakuja afisa elimu. Anataka kuona tunavyowafundisha watoto ustahimilivu, maana vuli haikunyesha hapa Handeni na wengi wanakuja bila kula. Mwalimu Mwanaidi akadakia kwamba atapika uji. Uji! Anapenda sifa yule mama. Mimi nikasema nitafundisha kwa hadithi za viumbe. Nafasi ya mwalimu wa taaluma iko wazi, na uji haujawahi kumpandisha mtu cheo.

Jumanne, 4 Februari
Nimewasimulia darasa la sita habari za kobe. Kiangazi chote amejichimbia, hali, hanywi, halalamiki. Ikram akauliza kama humo shimoni kobe huwa anafanya na hesabu. Nimemtoa nje. Wengine walisinzia. Mwanaidi anasema ni njaa. Ni utovu wa nidhamu!

Jumatano, 5 Februari
Nimepata! Kuna kichuguu nyuma ya uwanja. Nimewapeleka wote, nikakipiga jembe mpaka kikafumuka. Nikawaambia kesho watakuta mchwa wamejenga upya. Kisha nikamsimamisha mbele Mashavu. Nyumba yao iliungua mwezi uliopita, mdogo wake akafia ndani. Nikatangaza kwamba Mashavu naye ni mchwa. Nilitegemea makofi. Wapi! Mtoto anatazama tu vile vidudu vyeupe vinavyohangaika juani.
"Mwalimu, walikuwa wamekosa nini?"
Nikamjibu hilo halimo kwenye somo.

Alhamisi, 6 Februari
Balaa. Siafu wametuwahi. Hakuna kilichojengwa, hata kidonge cha udongo. Wanabeba watoto wa mchwa, mstari mrefu hadi vichakani, na darasa zima limesimama linatazama. Nikasema ustahimilivu unahitaji muda. Mashavu akaangua kilio, kile cha msibani. Mwanaidi akaja mbio na mwiko mkononi, akamkumbatia, akaondoka naye. Siafu mmoja akanipandia ndani ya suruali. Niliruka kama mwendawazimu. Hakuna aliyecheka.

Ijumaa, 7 Februari
Mashavu hakuja. Mama yake kampeleka Korogwe, kwa shangazi yake. Inasemekana hataki tena kusikia neno shule. Afisa elimu kanywa uji, kaongezewa, kamsifu Mwanaidi mbele ya wote. Nikampeleka kwenye kichuguu. Udongo mkavu na jembe langu. Akauliza hapa panafundishwa nini.
Jioni Mwanaidi akanifuata. "Mwalimu Hiza, yule mtoto hakuhitaji mchwa. Alihitaji mtu wa kukaa naye tu."
Maneno hayo yameniingia. Nimeyafikiria njia nzima.

Jumatatu, 10 Februari
Mwanaidi yuko sahihi kabisa: mchwa hawafai. Nani atamlilia mchwa? Watoto wanataka kiumbe mwenye mama. Nimeona kiota kwenye mgunga nyuma ya choo, vifaranga bado hawajaota manyoya, mama yao anawalisha.
Nimeazima mti mrefu wa kukiangushia.