Kimya cha Mkubwa

Jumatatu, 3 Machi

Sijalala. Nimerudi kazini leo baada ya likizo fupi ya kupata mtoto, na nasema kweli: afadhali kazini. Nyumbani kuna mtu asiyefika hata uzito wa ndoo ya maji, na ndiye anayetutawala wote. Binti yetu amepewa jina la mama mkwe. Jina hilo siwezi kulitamka bila kusimama wima, kwa hiyo mimi namwita Mkubwa. Analala kidogo, anaamka, analia. Analala kidogo, anaamka, analia. Usiku kucha!

Mama mkwe, aliyekuja kumsaidia mke wangu, ameniita sebuleni kabla sijavaa viatu. Ameniita “baba” kwa sauti ya upole, na akiniita hivyo kwa upole ujue mambo yameharibika. Amesema amelea watoto wake wote na hajaona kichanga kinachoshtuka namna hii. Mtoto anashiba. Hana homa. Muuguzi kamkagua, hana kitu. Basi tatizo ni nyumba! Ikifika Jumapili hajalala usiku mmoja mzima, anamchukua binti yake na mjukuu wake waende kwake mpaka mtoto atulie. Nikauliza, na mimi je? Akasema mimi nina kazi.

Nyumba bila wao! Sitaki hata kuifikiria. Nimelivalia njuga: Mkubwa atalala.

Jumanne, 4 Machi

Mshukiwa wa kwanza: seremala, jirani yetu. Anapiga randa mpaka jioni na kugongomea misumari asubuhi. Nimemwendea. Nimemweleza kiungwana kwamba anamwamsha mtoto wangu. Akajibu kiungwana kwamba saa anazoamka mtoto wangu yeye yuko kitandani, na anayemwamsha ni mtoto wangu. Akaongeza kwamba wao pia wana kichanga, kimezaliwa wiki moja na chetu, na kinalala tangu jioni mpaka kunakucha. Alikuwa anatabasamu. Sijui watu wanapata wapi meno mengi hivyo.

Usiku Mkubwa alinyamaza ghafla. Kimya kabisa! Nikanyata, nikaweka sikio karibu na pua yake. Sikusikia kitu, maana mama mkwe alikuwa anakoroma chumba cha pili. Basi nikafanya kama ninavyofanya kazini. Mimi ni msimamizi wa walinzi kwenye ghala la mabati. Nikipita nje ya kibanda, mlinzi lazima aitike “Nipo!” Asipoitika, naingia namgonga unyayo wa buti kwa tochi. Sina mjadala. Kwa Mkubwa sikutumia tochi, mimi si mnyama. Nilimgonga unyayo kwa kidole tu, kidogo.

Akaitika! Aliitika mpaka seremala akagonga ukuta. Nikamshukuru Mungu, nikarudi chini ya shuka kabla mke wangu hajafumbua macho. Kisha sote tukaanza kujiuliza kwa nini mtoto huyu anaamkaamka.

Jumatano, 5 Machi

Usiku wa kuamkia leo nilishambulia kelele zote za nyumba kwa mpigo. Bawaba za mlango nimezipaka mafuta ya kupikia. Bomba linalodondosha nimelifunga kitambaa. Jokofu, kwa kuwa linanguruma, nimelichomoa.

Matokeo ya asubuhi: supu ya mzazi imechacha. Mama mkwe amekanyaga mafuta yaliyodondoka mlangoni, akateleza, akashika pazia, pazia likaja naye. Akiwa chini ameuliza nani katika nyumba hii anakaanga milango. Nikamsaidia kuinuka. Amesema hajaumia. Alivyonitazama, niliyeumia ni mimi.

Lakini faida ipo. Sasa mlango haulii, naweza kutoka na kuingia chumbani, nikapitia kitandani kwa Mkubwa, bila mtu kujua. Nimemfikia mara nyingi sana, kwa sababu nyumba ilivyonyamaza hivyo ndivyo hofu ilivyozidi. Zamani angalau jokofu lilikuwa linanguruma, nikajidanganya kwamba kuna kitu kinapumua.

Niandike hili hapa, maana sijalisema popote. Siku aliyozaliwa nilikuwa nje ya mlango wa chumba cha kujifungulia. Watoto wa wenzetu walitoka na kulia, mmoja baada ya mwingine. Zamu yetu ikafika: kimya. Nikaanza kuhesabu vigae vya sakafu, nikapotea, nikaanza upya, nikapotea tena. Ndipo akalia. Baadaye mkunga akaniambia mtoto alichelewa kidogo kupumua, yeye akamgonga unyayo kwa kidole, mtoto akaamka. Akasema hutokea. Kisha akaenda kunywa chai! Mimi nikabaki nimeegemea ukuta, na mke wangu alipouliza nilikuwa wapi, nikasema nilikuwa naongea na simu.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya fedheha. Nilikaa kwenye kibanda cha lango la nyuma nipumzishe miguu. Miguu ikapumzika, na kichwa nacho kikafuata.

Nikahisi buti linagongwa. Nikaruka nikapaza sauti: mpe ziwa! Mpe ziwa haraka! Nikafumbua macho. Mbele yangu yuko mlinzi tunayemwita Blanketi, ambaye nimemkamata amesinzia mara nyingi kuliko wote, na tochi mkononi. Nyuma ya Blanketi yuko meneja. Nyuma ya meneja, wageni waliokuja kukagua usalama wa ghala.

Meneja kanipa onyo. Blanketi hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Aliniletea chai, akaniambia pole mkubwa. Eti anajua ilivyo: ukigongwa unyayo usingizini moyo unaruka, na hata ukiachwa ulale, usingizi wenyewe haurudi tena. Nikamwambia hilo ndilo lengo la kugonga unyayo. Watu wengine wanahitaji kufafanuliwa kila kitu.

Zimebaki siku mbili, na Mkubwa bado anaamka. Sielewi. Nimeondoa kila kitu kinachoweza kumwamsha!

Jumamosi, 8 Machi

Nimekamatwa.

Nilipaswa kushtuka mapema. Chumba cha pili hakikuwa na mkoromo. Lakini mimi nilikuwa na Mkubwa wangu aliyenyamaza, nikanyata mpaka kwenye kitanda chake, nikanyoosha kidole. Taa ikawaka. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti nyuma ya mlango wangu usiolia, amejifunika shuka mpaka kidevuni. Alimwita binti yake.

Mke wangu akauliza ni mara ngapi kwa usiku. Nikasema inategemea. Inategemea nini? Inategemea akinyamaza mara ngapi. Akaangua kicheko. Alicheka mpaka akashika tumbo, kisha kicheko kikageuka kilio, na mimi nikashindwa kujikaza. Nikawaeleza yote: vigae, mlango, uongo wangu kuhusu simu. Mke wangu akanishika mkono. Akasema na yeye siku ile alikuwa ndani ya kimya hicho hicho, tena amelala chali. Hata sasa anaogopa. Ila yeye hutazama tu kifua cha mtoto, akikiona kinapanda na kushuka, anafumba macho.

Mama mkwe alikuwa anafuta miwani yake muda wote huo. Alipomaliza akaniita mwanangu. Akanisogeza, akanionyesha kifua cha Mkubwa: kinapanda, kinashuka. Akasema kutazama ruhusa, kugusa marufuku. Ananipa usiku mmoja wa mwisho. Nikala kiapo mbele yao wote kwamba simgusi tena mtoto huyu akiwa amelala. Nilikuwa na nia njema kabisa.

Jumapili, 9 Machi

Naandika nikiwa jikoni, ambako hakuna anayetaka kuniona.

Mambo yalianza vizuri! Mama mkwe alihamishia godoro lake chumbani kwetu, akalala kati yangu na kitanda cha mtoto, kama geti. Mkubwa akanyonya, akacheua, akalala. Nikatazama kifua: kinapanda, kinashuka. Akaendelea kulala. Usiku ukapita katikati, yeye kalala tu! Seremala na meno yake wangenikoma.

Karibu na alfajiri nikagundua jambo. Mama mkwe hakoromi.

Mwanamke huyu hukoroma kila usiku. Usiku ule, kimya. Nikatazama kifua chake, lakini amejifunika mablanketi mawili, utajuaje? Nikakumbuka alivyoanguka Jumatano. Kwa mafuta yangu! Alisema hajaumia, lakini watu wazima huficha maumivu. Nikamwona mke wangu akilia. Nikawaona ndugu zake wote wamenizunguka, wananiuliza nilizipaka nini zile bawaba. Nikajiuliza niliapa nini hasa. Niliapa kuhusu mtoto. Hakuna aliyetaja mtu mzima.

Nikachukua tochi, nikamgonga mama mkwe unyayo.

Sauti aliyoitoa siwezi kuiandika. Mke wangu akapiga ukelele akidhani ni mwizi. Mkubwa akaamka akapokea pale walipoachia. Seremala akagonga ukuta kwa nyundo. Kisha, upande wa pili wa ukuta, kichanga chake kisichoamka kikaanza kulia. Nakiri nilifurahi kidogo.

Nilimgonga mara moja tu. Asubuhi mabegi yalikuwa mlangoni. Nimeyabeba mwenyewe mpaka kwenye gari. Mke wangu amenishika shavu, akasema ni wiki mbili tu, na mimi pia nahitaji kulala. Mama mkwe alikaa mbele, miguu ameivuta chini ya kiti. Gari lilipoondoka Mkubwa alikuwa amelala. Nilijaribu kuona kifua chake kupitia kioo, lakini dereva hakusubiri.

Jumanne, 11 Machi

Jana usiku nilirudisha jokofu kwenye umeme. Nikafungulia bomba lidondoke. Haikusaidia. Nyumba hii bila wao haina hata cha kuogopa, na bado niliogopa. Nilikaa kitandani nikitazama pale kilipokuwa kitanda chake. Yuko mbali. Nani anatazama kifua? Mke wangu amechoka. Mama mkwe macho hayaoni bila miwani.

Niliruhusiwa kupiga simu jioni, mara moja. Nilikwishapiga. Nikaambiwa mtoto amelala. Tangu lini? Tangu mchana. Mchana! Na hakuna aliyeona ajabu!

Nilivumilia mpaka nikashindwa. Nikapiga. Ikaita, ikaita, kisha nikamsikia: Mkubwa mwenyewe, mapafu yote mawili, kilio safi kisicho na kasoro. Nyuma yake mama mkwe alikuwa anataja jina langu, na la baba yangu, na la babu. Sikusubiri. Nilikata, nikavuta shuka, nikalala fofofo mpaka jua likaniwakia usoni. Usingizi wangu wa kwanza tangu niwe baba wa mtu huyu!

Asubuhi nimekuta ujumbe wa mke wangu. Simu ilimwamsha mtoto, na hakulala tena mpaka kulipokucha. Hakuna aliyelala nyumba nzima, na mama anauliza nina nini.

Nimemjibu kwamba mimi sijambo kabisa. Nimemwomba usiku wa leo aiweke simu karibu zaidi na kichwa cha Mkubwa, ili isilazimike kuita muda mrefu na kuwasumbua wengine.