Kuku, Maji na Cheo Changu

Jumatatu, 4 Machi
Meneja wa hoteli ametangaza: Wafaransa wanane wanakuja Ijumaa, na atakayewahudumia vizuri atakuwa mkuu wa wahudumu. Nikasema Kifaransa nakijua tangu zamani. Sijui nilisema kwa mdomo wa nani! Shemeji, mdogo wa mke wangu, ambaye kazi hapa nilimtafutia mwenyewe, akacheka mpaka trei ikamponyoka. Atakiona cha mtema kuni. Kesho nanunua kitabu.

Jumanne, 5 Machi
Nimepigwa na butwaa. Kitenzi cha kunywa kinabadilika sura kama tapeli: mimi bois, sisi buvons, wao boivent. Kunywa kule kule! Halafu mkate ni mwanamume, du pain. Nyama ni mwanamke, de la viande. Nani aliwakagua? Mke wangu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ajiandae kuwa mke wa mkuu. Ameshampigia mama yake simu.

Jumatano, 6 Machi
Sentensi moja imeingia: Vous prenez du poulet et de l'eau? Yaani, mtachukua kuku na maji? Basi vyakula vingine vya nini? Nimemnong'oneza mpishi kwamba Wafaransa hawali ila kuku, hawanywi ila maji. Akaniuliza nina hakika. Nikamwambia ndiyo mambo ya kwao. Samaki wamerudishwa kwa mchuuzi, juisi imefungiwa kabatini, menyu imechapwa upya. Mistari miwili. Mimi ni moto!

Ijumaa, 8 Machi
Siamini. Siamini! Wageni hawali nyama ya aina yoyote. Mama mmoja akauliza jambo refu, nikajibu kuku. Mwenzake akashika tumbo, akauliza kwa upole. Nikajibu kuku na maji. Jasho likanitoka hadi kwenye soksi. Wakabaki wanakunywa maji na kutazamana. Ndipo Shemeji, ambaye hajui hata salamu ya Kifaransa, akawaongoza jikoni na kuwafunulia sufuria moja moja. Wakala maharage yetu wafanyakazi. Wakaomba tena!

Jumamosi, 9 Machi
Shemeji ndiye mkuu. Mama mkwe alikuja kunipongeza. Alipoambiwa aliyepata ni mwanawe, vigelegele vikazidi. Imeniuma, sifichi. Cheo kile nilikitaka kwa moyo wote. Shemeji akanifuata uani, akasema nisikitupe kitabu, tutasoma wote polepole. Nikamjibu asinisimange. Nikala sahani mbili za sherehe yake, nikalala.

Jumapili, 10 Machi
Makubwa! Meneja anatafuta mwalimu wa kuogelea. Shemeji akanikazia macho, akitikisa kichwa. Nikasema mimi nimekulia majini. Nimeshaonana na mtunza bwawa. Upande wa maji mafupi unanifika magotini, huo sina shida nao. Upande wa pili nimemwambia aufunge kwa kamba kuanzia kesho, kwa sababu wageni wetu hawapendi maji marefu.