Friji ya Adelina na Wadudu Wazuri

Gervas aliingia duka la dawa pale Tabata kununua dawa ya kichwa, akatoka na biashara. Mbele yake kulikuwa na mama mmoja anayelalamikia gesi, na mfamasia, kijana mpole asiye na haraka, alikuwa anamweleza namna ya kuchagua vidonge vya probayotiki. Hivi vina bakteria wazuri wa tumboni, mama. Soma kwenye kopo ni bakteria wa aina gani, angalia wangapi watakuwa hai mpaka tarehe ya mwisho, usidanganyike na ukubwa wa kopo. Kama tumbo linakusumbua siku nyingi, anza hospitali. Pengine hata mtindi mzuri utakutosha. Halafu akamalizia kwamba vidonge vingine lazima vikae kwenye friji.

Busara yote hiyo iliingia sikio moja la Gervas ikatokea la pili. Kilichobaki kichwani ni friji.

Watu wengi wakisikia friji wanawaza maji baridi. Gervas aliwaza friji za watu, na jinsi ya kuzitoa majumbani mwao bila kuvunja mlango. Huyu bwana aliwahi kumuuzia mtu kiwanja ambacho maji yakijaa hakionekani, na mnunuzi akamshukuru kwa kumpunguzia bei. Mikono yake ilikuwa laini kama ya mtoto mchanga; ulimi ndio ulioota sugu.

Basi akanunua kapsuli tupu, akazijaza unga wa muhogo. Lakini tumpe haki yake, hakuwa fundi wa kulipua kazi. Alijua mteja asiposikia kitu tumboni atasema ametapeliwa, kwa hiyo kila kapsuli akaitilia sanamaki ya kusaga, yale majani ambayo bibi zetu walitunywesha tukivimbiwa, na ukishayanywa hupangi safari. Wateja akawaambia tumbo likiunguruma wajue wadudu wazuri wameripoti kazini.

Kapsuli aligawa bure. Alichotafuta ni mawakala. Wadudu hawa, alieleza kwa uso wa msibani, wakizoea friji moja hawaitaki nyingine, kama paka na nyumba. Kwa hiyo wakala anakabidhi friji yake, inakwenda ghala kuu Mbezi Beach, inalala na wadudu wiki mbili wazoeane, kisha inarudi imejaa bidhaa mpaka mlangoni. Unacheka? Watu wazima watatu hawakucheka. Kufikia Ijumaa asubuhi alikuwa na friji tatu juu ya kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, ya Allen, dereva wa kukodi aliyeambiwa kwamba zinakwenda kwa fundi. Kila friji Gervas aliibandika karatasi yenye jina na namba ya simu ya mwenyewe, maana hakuna kinachomtuliza mtu kama kuona jina lake limeandikwa.

Ya nne ilikuwa ya Adelina.

Adelina hakuwa na mume wala shamba. Alikuwa na friji. Ndani yake aligandisha mtindi na barafu, akauza mtaa mzima, na humo ndimo zilimotoka kodi ya chumba na ada ya wanawe wawili. Gervas alipomwambia mtindi ni mambo ya kizamani, na kwamba wakala wa wadudu wazuri haamki alfajiri kuchemsha maziwa, moyo wa Adelina ukayeyuka. Usimcheke. Nawe ungekuwa unaamka saa kumi kila siku, ungeisikiliza hadithi hiyo mpaka mwisho.

Kirikuu ilipofika getini saa tatu asubuhi, mwenye nyumba, Bi Kokushubila, mwalimu mstaafu kutoka Bukoba, alikuwa barazani anachambua maharage. Gervas akampa shikamoo ya kuinama hadi kiunoni. Bibi akaitikia, akamuuliza hao wadudu wake wanaitwaje. Gervas akasema wana majina marefu ya kigeni. Akaulizwa kama wako hai. Akasema hai kabisa.

"Umejuaje, mwanangu?"

"Mama, mie mwenyewe nameza sita kila asubuhi. Ndiyo maana unaniona nang'aa hivi."

"Na leo umeshameza?"

Hapo mtu mwenye akili angesema ndiyo. Lakini ulimi wa Gervas ulikuwa umezoea kusifia watu, ukajisemea wenyewe kwamba leo alisubiri afike kwanza kwa watu wa maana.

"Basi vizuri," alisema Bi Kokushubila, akaweka ungo chini. "Kwetu anayekuletea kitu cha kunywa anaonja yeye kwanza, mbele yako. Marehemu mume wangu hakugusa kibuyu cha mtu kabla mwenyewe hajapiga funda. Meza sita zako, ndipo friji itoke."

Adelina akaleta maji. Gervas akapiga hesabu haraka. Sanamaki haina pupa, inachukua saa kadhaa; mpaka ianze fujo atakuwa ameshafika kwa mnunuzi wake wa friji za mitumba. Akameza sita, akajilamba midomo.

Alichosahau ni barafu. Friji ya Adelina ilikuwa haijayeyushwa tangu masika, na barafu yake ilikuwa nene kama godoro. Allen akagoma kuipakia ikichuruzika, alikuwa amepaka gari rangi majuzi. Ikabidi friji ichomolewe, mlango uachwe wazi, na watu wangoje. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Saa saba Bi Kokushubila akasema mgeni haondoki kwake na njaa, akamjazia sahani ya ndizi na maharage. Gervas alipojaribu kukataa, bibi akamkumbusha kwamba mwenye wadudu sita wazuri tumboni haogopi maharage.

Saa nane na nusu wadudu wakaripoti kazini.

Kwanza Gervas alinyamaza katikati ya sentensi, jambo ambalo halijawahi kutokea. Kisha akasimama, akakaa, akasimama tena, jasho likimtoka. Akauliza choo kwa sauti ndogo. Choo kilikuwa uani, kina kufuli, na ufunguo Bi Kokushubila aliufunga kwenye pindo la khanga. Alilifungua fundo lile taratibu, na Gervas aliruka kwa mguu mmoja muda wote huo. Akaupokea, akakimbia.

Sasa, nyumba ile pipa la maji liko nje, na kila mpangaji anajua unachota kopo lako kabla ya kuingia. Gervas hakupata nafasi ya kuchota. Baada ya kishindo ambacho kwa heshima ya msomaji sitakieleza, ikasikika sauti ya unyenyekevu:

"Mama, naomba maji."

Bi Kokushubila alikuwa ameshasimama mlangoni na kopo limejaa. Alifundisha miaka thelathini na tatu. Mtoto ambaye hajafanya zoezi anamjua hata akiwa nyuma ya mlango.

"Maji yapo. Kwenye kapsuli mna nini?"

Gervas akajibu: unga wa muhogo. Bibi akangoja. Na sanamaki, mama. Kopo la kwanza likapita chini ya mlango, limepunguzwa nusu.

Akaulizwa ghala la Mbezi Beach liko mtaa gani. Akasema halipo. Kopo la pili. Akaulizwa friji za kwenye gari ni za nani. Hapo Gervas alijikaza kiume, lakini tumbo likaunguruma, akataja mmoja mmoja: Tabu wa Kurasini, Rukaiya na Demetria wa Temeke. Ndoo nzima ikasukumwa mlangoni.

Adelina alikuwa amesikia kila neno. Aliinama mbele ya friji yake akalia, kwa hasira na kwa aibu, maana ilibaki barafu ya kiganja kimoja tu friji iondoke. Kisha akafuta machozi, akaichomeka kwenye umeme, akasikiliza mpaka ilipoanza kunguruma. Ndipo akaenda kwenye gari, akasoma karatasi za Gervas, akapiga simu tatu. Allen naye akawasha gari kuzirudisha friji kwa wenyewe, akitukana njia nzima.

Gervas alitoka uani jioni, amepungua. Kirikuu hakuna, friji hakuna. Nilitegemea wangemfukuza kwa ufagio, lakini Bi Kokushubila alimpa kigoda, na Adelina akamwekea kikombe cha mtindi. Alimlipisha, ndiyo, tena mara mbili ya bei. Gervas akanywa. Tumbo likatulia. Akaomba cha pili.

Kwenye kikombe cha tatu macho yake yakaanza kung'aa. Maziwa haya yana bakteria wazuri, tena hai kweli, na kule Mbezi Beach kuna mahoteli.

"Dada Adelina," alisema, sauti yake ya asali imemrudia, "hii kitu ni dili. Nipe uwakala, nakuapia hutajuta."

Adelina akachukua kikombe, akakisuuza, akakifunika kwenye sinia.

"Uwakala upo, kaka," alisema. "Leta friji."