Kengele Ndani ya Spika

Jumatatu, 3 Machi
Meneja ametangaza asubuhi: ukumbi wetu wa ndondi, ambao sasa ni wa muziki, utabaki na mzee mmoja tu wa enzi za ulingo, awatembeze wageni. Uamuzi Ijumaa. Tuko wawili. Mimi, mpiga kengele za raundi miaka ishirini na sita. Na Sponji, aliyekuwa akiwakalisha mabondia kigodani na kuwafuta jasho. Nikikosa, nashinda nyumbani na shemeji mchana kutwa. Afadhali ngumi.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata akili! Nimeificha kengele ya ulingo. Itatafutwa wee, kisha niiibue mimi. Shujaa! Nimeining'iniza ndani ya spika kubwa la jukwaani. Nani atachungulia humo?

Jumatano, 5 Machi
Kengele imetangazwa kupotea. Nimesikitika mpaka fundi sauti akaniletea maji. Sponji kasema, kaka, hata kulia hujui, macho makavu kama kifuu. Wivu tu.

Alhamisi, 6 Machi
Mazoezi ya mwimbaji mgeni. Besi ikaanza, spika likalia: ngaa! Fundi sauti akakagua nyaya. Ngaa!

Sponji alikuwa akipangusa viti. Mazoea yana taabu! Akanyakua ndoo na kigoda, mbio hadi jukwaani, akamkalisha mwimbaji, akamfuta uso, akamwambia pumua mwanangu, unaongoza kwa pointi. Nikacheka hadi nikakaa chini. Kwisha habari yake!

Mwimbaji naye akacheka. Kisha akalia. Akamwambia meneja kwamba tangu aanze kuimba hajawahi kuambiwa anaongoza. Anamtaka babu huyo kwenye onyesho. Na kengele.

Fundi sauti akafungua spika. Kengele ikaonekana, imefungwa kwa kamba ya kiatu. Wote wakatazama miguu. Kiatu changu cha kushoto kilikuwa kinapwaya.

Ijumaa, 7 Machi
Kazi kapewa Sponji. Mimi nilikuwa nafukuzwa, ila kaniombea yeye: eti mjinga huyu ndiye pekee anayejua kuipiga kengele ile, basi niachwe niwe msaidizi wake. Msaidizi wa Sponji! Mimi! Nimeshukuru kwa meno ya nje.

Onyesho ni kesho, saa kumi na mbili jioni. Atakitafuta kigoda chake wee. Nimefungua ngozi ya ngoma kubwa, kikaingia barabara.