Diski ya Pili

Lenzi hakuwa mwizi. Alilisema hilo mwenyewe mara nyingi, na hakuna aliyemfahamu kwa karibu kama yeye. Alikuwa mpiga video za harusi, na kama harusi ya mtu ilitoka nusu, lawama ziende kwa sayansi.

Sayansi yenyewe ilikuwa hivi. Diski ya VCD hubeba saa moja na dakika chache, kisha inashiba. Diski ya DVD, yenye umbo lilelile na tundu lilelile katikati, hubeba harusi nzima pamoja na wageni waliokuja bila kualikwa. Lenzi aliijua tofauti hiyo vizuri sana, ndiyo maana hakuwahi kumpa mteja DVD. Aliikata harusi katikati, akakabidhi VCD ya kwanza kwa tabasamu, kisha akakaa kusubiri. Kwenye ya kwanza kulikuwa na magari yakiegeshwa, viatu vya wageni, na shangazi mmoja akifunga kilemba upya. Harusi yenyewe ilikuwa kwenye ya pili. Hiyo iliuzwa peke yake, na bei ilipanda kadiri mteja alivyobembeleza.

Siku hiyo alikuwa kibandani kwake akihariri harusi ya binti mmoja, fundi cherehani wa mtaa wa pili, mara akasikia jambo lililomfanya arudishe picha nyuma. Mjomba wa bibi harusi, mwenye milango mitano ya maduka kando ya barabara, alikuwa amesimama na kipaza sauti, koti limembana tumboni. "Mwanangu," alisema, "kile chumba cha kona ni chako. Shona humo mpaka uzeeke. Funguo utapewa Jumatatu." Lenzi akaikata diski ya kwanza sekunde moja kabla ya maneno hayo, wakati Mjomba bado anapuliza kipaza sauti. Hakujua bado yatamfaa nini, lakini ahadi iliyotolewa mbele za watu mia mbili si kitu cha kutoa bure.

Jumatatu ilipita, zikafuata nyingine tatu. Mjomba alikumbuka kwamba alisema "Mungu akijalia", na kwamba Mungu alikuwa bado hajatoa jibu. Wageni wa meza za mbele walikuwa wapangaji wake, na wote walisahau ndani ya wiki moja. Fundi akaendelea kushonea chumbani kwake, cherehani imebanwa kati ya kitanda na kabati, wateja wakijaribia nguo nyuma ya mlango wa kabati. Siku moja alilia. Kesho yake akaenda kwa Bibi, mama yake Mjomba, ambaye kiwanja chenye milango ile mitano kilikuwa chake. Siku ya harusi Bibi alikuwa amelala ndani na homa, hakusikia neno.

"Siwezi kumhukumu mwanangu kwa maneno ya watu," Bibi alisema. "Nionyeshe akisema kwa mdomo wake, funguo nitamnyang'anya mimi mwenyewe."

Ndipo Fundi akaenda kwa Lenzi kutafuta diski ya pili, akafanya kosa la kueleza anaitakia nini. Lenzi alimhurumia sana. Alimhurumia mpaka akakataa fedha. Alichotaka ni suti tu, koti na suruali, kitambaa kizuri, juu ya Fundi. Fundi akajibu kwamba hanunui diski bila kujaribiwa. Hiyo ndiyo sheria pekee inayoheshimiwa katika biashara ile. Hata muuza diski bandia hukuwekea kwanza uone inacheza. Kwa kuwa kitu pekee kilichokuwa tayari ni DVD ya kazi, yenye harusi yote, Lenzi akaiweka hiyo na kuisogeza mbele. Mjomba akasimama, akapuliza kipaza sauti, akafungua kinywa. Lenzi akabonyeza rimoti.

"Mengine baada ya suti," alisema.

Fundi hakubisha. Aliiomba diski, akachukua kalamu ya wino, akachora juu yake sindano ndogo yenye uzi, alama anayoitia ndani ya kila nguo anayoshona. Akasema atapokea hiyohiyo, si pacha wake.

Lenzi akatabasamu. Alishaingia nyumbani kwa Fundi siku ya harusi, akaiona deki yake: ya VCD tupu, kuukuu, mfuniko umefungwa kwa mpira. Deki ya namna hiyo ukiipa DVD huizungusha, ikakohoa, ikaandika kwamba hakuna diski. Fundi ataona ameiharibu, atairudisha ikatibiwe, na matibabu hayo hayatakwisha. Suti itakuwa mwilini kwa Lenzi, na alishajua ataivalia wapi.

Siku hiyohiyo akaenda kwa Mjomba. Huyu alikuwa mpenzi wa vitu vipya, na sebuleni kwake ilikaa deki ya Blu-ray, ya pekee katika ukoo. Hakuna mgeni aliyeondoka bila kuhubiriwa: hii inasoma VCD, inasoma DVD, inasoma na hizi mpya zenye picha safi kama dirishani, ila deki zenu ukizipa ya kwangu zinafumba macho. Deki ya Fundi aliiita sanduku la marehemu, na hakuwahi kumtembelea bila kuliulizia sanduku hilo hali yake.

Lenzi alifunua kitambaa cheupe. Ndani yake ilikuwamo diski yenye tumbo la buluu iliyokolea. Ilikuwa DVD tupu aliyoipaka wino wa muhuri mchana ule na kuianika dirishani. Alieleza kwa unyenyekevu kwamba harusi ilirekodiwa kwa Blu-ray, kwamba hii ndiyo mama wa diski zote, na kwamba akiondoka mama hakuna mtoto. Alieleza pia nani anaitafuta. Mjomba akasema ijaribiwe kwanza.

"Jaribu, mzee," Lenzi akasema. "Ila deki hizi za kisasa hutunza kila zinachosoma. Kama unataka maneno yale yabaki humu ndani mwako, jaribu."

Mjomba alikifunga kinywa cha deki haraka kuliko alivyokifungua. Bei ya diski ilikuwa chumba cha kona, Lenzi afungue duka lake humo bila kodi. Mjomba alipiga hesabu kwamba mpangaji mwenye siri ni nafuu kuliko mpwa mwenye haki, akautoa ufunguo. Kisha akaivunja diski juu ya goti lake kwa raha kubwa.

Wino wa muhuri hauna haraka ya kutoka. Siku ya tatu Lenzi alikuja kujaribu koti akiwa na vidole gumba vya buluu. Alasiri Mjomba naye akaleta suruali yenye doa la buluu gotini, akiuliza kama yafaa kiraka, na vidole vyake vilikuwa na rangi ileile. Fundi aliliangalia doa lile muda mrefu. Wawili hao walikuwa wameshika kitu kimoja, naye hadi saa hiyo alikuwa bado akimtetea mjomba wake moyoni. Akaipokea suruali. Kisha kwa sauti ya mtoto mzuri akasema kwamba Bibi hajaiona harusi, na sanduku la marehemu ndilo hilo, je, mjomba hangewaletea deki yake Jumamosi?

Mjomba, aliyemvunja shahidi gotini kwake, hakuona hatari. Akaahidi kuleta na runinga kubwa, na ahadi hiyo aliitimiza.

Jumamosi Bibi alikalishwa kitandani kwa Fundi, naye Mjomba akaunganisha nyaya juu ya meza ya cherehani huku akitoa mafunzo. Wakatazama VCD ya kwanza. Bibi akalalamika kwamba nyuso za watu zina vipande vipande, Mjomba akamfafanulia kwamba kasoro ni ya diski, si ya deki. Walipofika kwenye viatu, Lenzi akabisha hodi na bahasha yake, amekuja kuchukua suti.

Aliiona deki, akasimama mlangoni. Akaanza kusema kwamba diski ina vumbi, afadhali airudishe akaisafishe. Fundi alikuwa ameshaichukua bahasha.

"Tunaijaribu kwanza, kaka," alisema. "Si ndiyo sheria yenu?"

Deki iliyosoma vyote haikumbagua mtu. Iliimeza diski yenye sindano na uzi, Fundi akaisogeza mbele, Mjomba akasimama kwenye kioo, akapuliza kipaza sauti, akakitoa chumba cha kona. Bibi akaomba irudishwe. Mara ya tatu aliomba kwa starehe tu.

"Sauti yako nzuri ukisema kweli," alimwambia mwanawe. "Lete funguo."

Mjomba alijipapasa mifuko yote, hata ya shati, kama mtu ambaye hajui alipouweka ufunguo. Alitamani kusema ametapeliwa, lakini angelazimika kusema alikuwa akinunua nini. Akabaki kumkazia macho Lenzi. Bibi aliyafuata macho hayo mpaka yalipoishia, akanyoosha kiganja.

"Na wewe, baba, una nini mfukoni?"

Ufunguo ulitoka kwa Lenzi ukaingia kwa Bibi, ukatoka kwa Bibi ukaingia kwa Fundi. Fundi aliufumbata kifuani.

Lenzi, lazima tumpe sifa yake, alikuwa mtu wa kazi. Alikohoa, akakumbusha kwamba diski imecheza, kila mtu ameona, na makubaliano ni makubaliano. Fundi akakubali kabisa, akamletea furushi lililopigwa pasi. Koti lilimkaa Lenzi vizuri mpaka Bibi akalisifia. Kisha akaikunjua suruali. Kiuno kilikuwa safi, zipu safi, mifuko miwili, mguu mmoja wenye mkunjo ulionyooka. Upande wa pili palikuwa pamepindwa na kushonwa vizuri pajani, pakaishia hapo.

"Huo ni wa kwanza," Fundi alisema, akiikunja futi yake. "Wa pili unauzwa peke yake."