Kiti cha Traudel, Safu ya Tisa

Jumatatu, 3 Machi
Bi Wiebke wa ofisi ya klabu amepiga simu akiwa na furaha tele. Jumamosi, kabla ya mechi, mke wangu Traudel atavishwa pini ya dhahabu katikati ya uwanja. Miaka arobaini ya uanachama! Nikashukuru. Nikakata simu. Nikakaa sakafuni.
Traudel alifariki Oktoba.
Klabu sikuiambia. Mwanachama akifa, kiti chake hupewa anayefuata kwenye foleni, nami sitaki mtu mwingine kando yangu. Kwa hiyo ada yake nalipa mimi, na kitini naweka koti lake la kijani. Wakiuliza, yuko Kiel kwa dada yake. Mpango safi kabisa. Hadi leo.
Adui mkubwa: Detlev Knipp, safu ya kumi, nyuma yangu. Kila mechi ananiinamia sikioni. "Vipi Hartwig, koti linaielewa mechi? Mkwe wangu hana pa kukaa, ujue." Mshenzi.

Jumatano, 5 Machi
Nimemwambia Bi Wiebke kwamba Traudel ana mafua makali. Akasema basi, rais wa klabu ataileta pini nyumbani, na maua, na mpigapicha. Nikasema amepona.
Jioni nikampigia Ortrud, dada yake wa Kiel. Mwalimu wa piano. Mpira anauona ni upuuzi wa watu wazima wenye kaptula. Akaniambia, shemeji, umerukwa na akili. Kisha akauliza avae kofia gani.
Tatizo dogo: Traudel aliniishia begani. Ortrud namtazama kwa kuinua kidevu. Nimemwambia apinde magoti.

Ijumaa, 7 Machi
Mazoezi sebuleni. Ortrud amejifunza rangi zetu na jina la kipa. Nimempa koti ajaribu kulivaa. Mfukoni tukakuta maganda makavu ya chenza. Traudel alimenya moja kila mechi, na maganda hakuyatupa chini, kwa sababu mfagiaji wa jukwaa anaumwa mgongo. Ortrud akayarudisha mfukoni. Hatukufanya mazoezi tena.

Jumamosi, 8 Machi
Msiba mtupu!
Mtangazaji alishukuru kwanza kampuni ya soseji, kisha kampuni ya madirisha, ndipo akamwita Traudel. Ortrud akaenda amepinda magoti kama anayetafuta sarafu kwenye nyasi. Rais akamvisha pini. Ikawa imekwisha, nikapumua. Lakini mtangazaji akamwekea kipaza sauti mdomoni: bao gani hatalisahau? Hili hatukulifanyia mazoezi.
"Yote mazuri," akasema Ortrud. "Hasa yale yaliyoingia."
Kisha safu ya tisa yote ikasimama na kupiga makofi. Na ya kumi. Knipp alipiga mluzi wa vidole viwili.
Wakati wa mapumziko Knipp akaniinamia. Nikajiandaa kupigana. Akanipa chenza.
"Hartwig, tangazo la msiba uliliweka gazetini mwenyewe. Tena na nembo ya klabu juu! Mji mzima ulisoma, ila ofisi ya klabu tu, bwana wewe."
Ni kweli. Nililipia hata nembo iwe ya rangi.
Nikamuuliza, basi kwa nini kila mechi alinisumbua kuhusu kiti? Akasema nikikasirika nachangamka. Nisipokasirika nalitazama koti tu.
Nikamenya chenza. Maganda nikayatia mfukoni mwa koti. Tulifungwa mbili bila.

Jumatatu, 10 Machi
Nimekwenda ofisini kukiri yote. Bi Wiebke amelia, amecheka, amenipa kahawa. Pini nibaki nayo. Lakini sheria ni sheria: msimu ukiisha, kiti lazima kiwe cha mwanachama aliye hai.
Ortrud amejitolea kujiunga. Mtu mwema sana. Ila atakalia koti.

Alhamisi, 13 Machi
Aliye hai. Hawakusema zaidi ya hapo! Paka wa Traudel yu hai, anakula kama farasi. Nimemwandikisha kwa jina la ukoo wetu: Minka Loose, kazi yake nyumbani. Tayari amekubaliwa. Mpango safi kabisa.
Bi Wiebke amepiga simu sasa hivi. Wanachama wapya wanakaribishwa uwanjani Jumamosi, kwa picha, na Bi Minka asikose.
Hakuna shida. Nimempigia Ortrud.